Baba Mkwe Aliyetaka Ukuta Mwembamba

Jina lake silitaji, na msinilazimishe. Huyu ni baba mkwe wangu, baba wa mume wangu, na kwetu Wanyakyusa mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake hata akiulizwa na polisi. Kwa bahati mbaya jina lenyewe linakaribiana na la chombo kimoja cha jikoni, kwa hiyo tangu niolewe chombo hicho nakiita "kile cha kukorogea". Wauza vyombo wa sokoni Kyela mjini wamenizoea. Wakiniona nasimama nazungusha mkono hewani, wananipa ninachotaka bila maswali.

Alizaliwa wapi, lini, na ukoo wake ulishuka kutoka mlima gani, waulizwe wenye ukoo. Mimi nitasema niliyoyaona. Na hapo ndipo penye kichekesho, maana katika miaka yote niliyokaa uwanja mmoja na mtu huyu, nilichokuwa nimekiona ni mgongo. Mgongo naujua. Akikasirika, bega la kushoto linapanda. Akifurahi, anafunga mikono nyuma na vidole vinachezacheza. Kofia yake ya pama naijua, visigino vyake navijua, na kile cha kulia kina ufa ambao hakuna mafuta yaliyouweza. Ila sura, hapana. Ningeambiwa nimtafute kwenye umati, ningelazimika kuwaomba watu wote wanigeuzie migongo.

Desturi yenyewe tunaiita ukutila. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawasemeshani. Akitokea huku, wewe unakula kona kule. Si uadui, ni heshima. Zamani ilikuwa rahisi, kwa sababu vijana wakioa walikwenda kujenga kijiji chao mbali na wazee. Siku hizi kijiji chetu cha Busale chote ni mpunga na kakao, hakuna pa kuhamia, na nyumba yake na yetu zimepeana migongo kwenye uwanja mmoja. Wengi wameiacha desturi hii. Yeye hakuiacha.

Mimi nimekulia Njisi, mpakani. Mama yangu aliuza vitenge pande zote mbili za daraja na alipeana mkono na kila aliyepita, awe askari, shehe au mchungaji. Kwa hiyo nilipoambiwa mambo ya kujificha nilicheka kweli kweli. Nikaacha kucheka wiki ileile, siku nilipokuwa natoka sokoni na beseni la usipa kichwani na ile kofia ya pama ikachomoza kwenye kona ya njia. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikajitupa kwenye jaruba la mpunga, mimi na usipa wangu, nikalala humo kifudifudi. Yeye alisimama, akageukia upande wa pili, akawaambia bata waliokuwa kwenye maji, "Mwe! Samaki wa mwaka huu wanakuja wenyewe mpaka shambani." Kisha akaendelea na safari yake. Nilitoka kwenye tope nikiwa nimemkasirikia sana, na nusu ya hasira ile ilikuwa kicheko.

Baada ya hapo alianzisha kikohozi. Alikuwa mzima kama mimi, lakini kila alipokaribia kona yoyote ya nyumba alikohoa mara mbili, kavu, kama dereva wa lori anayepiga honi. Nami nikajifunza kujibu kwa kugonga sufuria, maana yake subiri, niko hapa, sijapita. Tukaenda hivyo miaka. Hata watoto wangu, Atupele na mdogo wake Lusajo, walipokuwa wadogo walidhani kila babu duniani ana honi.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, anakaa mbele kabisa. Mimi nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Jumapili moja mchungaji mgeni alihubiri kwa ukali sana kwamba desturi ya wakwe kukimbiana imepitwa na wakati, kwamba mbele za Mungu sisi sote ni ndugu. Watu wakasema amina. Sauti yake yeye ilikuwa juu kuliko zote. "Amina! Kweli kabisa!" Ibada ilipokwisha akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kuingilia wachungaji, akapita kwenye michongoma mpaka suruali ikachanika, ili asikutane na mimi. Mume wangu alipomuuliza mbona alisema amina, alijibu, "Nilikubaliana naye. Sikusema nitafanya."

Ndivyo alivyokuwa. Sheria aliishika kwa mikono miwili, kisha akatumia akili yake yote kuitafutia mlango. Chukueni jambo la kusemeshana. Limekatazwa. Lakini jiko langu lina ukuta wa matofali mabichi, mwembamba, wenye nyufa, na upande wa pili wa ukuta huo kuna gogo. Kila jioni, ninapopika, yeye alikuja kukaa kwenye gogo lile na kuongea na kuku.

"Enyi kuku," anaanza, "nasikia bei ya kakao imepanda. Ni kweli au ni maneno ya madalali?"

Nami naliambia sufuria langu, "Wewe sufuria, ni kweli. Nimeyasikia sokoni leo kwa masikio yangu."

"Kuku, msidanganyike. Mnunuzi akitabasamu ujue mzani umeharibika."

"Sufuria, kuna watu wanawashuku wenzao mpaka wanaozesha kakao ndani."

Hapo bega lingepanda, nina hakika, ingawa sikuliona. Tulibishana hivyo mambo ya kila aina. Mpira, serikali, nani ameoa Ikolo na nani ametorokea Karonga, ng'ambo ya mpaka. Mzee wa kanisa mzima alipenda umbea kuliko nilivyoupenda mimi, na mimi ni mwanamke niliyekulia kwenye kibanda cha vitenge, umbea ndiyo chumvi yangu. Ukimpa habari nzito alinyamaza, halafu anasema, "Hilo tulianike kwanza," kama vile tunavyoanika kakao juani kabla ya kuiuza. Likishakauka, labda baada ya siku mbili tatu, anarudi na jibu. Ukimharakisha hakupi kitu. Nimeishi na mume wangu kwa amani, lakini niseme ukweli, mtu niliyeongea naye zaidi katika nyumba ile alikuwa baba yake, na hatukuwahi kuongea hata siku moja.

Usiku nilioshikwa na uchungu wa Lusajo, mume wangu alikuwa Tunduma kufuata mzigo. Mama mkwe akaita bajaji. Ikaonekana mvua imekata barabara na lazima mwanamume awepo wa kusukuma. Baba mkwe akafunga kitenge cha mkewe katikati ya bajaji kama pazia, akajibana mbele na dereva, uso kwenye kioo, na akawa ananitangazia barabara. "Dereva, mwambie mtu, shimo linakuja kulia! Mwambie mtu ajishike! Sasa ni tambarare, mwambie apumue!" Dereva alinyamaza tu, maana nilikuwa nimeshasikia. Kila shimo lilitangazwa, mpaka hospitali. Hakugeuka. Nilijifungua salama, na mtoto alipokuwa mkubwa kidogo, babu yake alimweleza kwamba yeye ndiye aliyemleta duniani, na wala hakuwa ametazama.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mama mkwe alipofariki. Yule mama ndiye alikuwa daraja letu. Chakula nilipika mimi, akapeleka yeye. Alipoondoka, nikawa naweka sinia kwenye kigoda mlangoni kwake, nagonga, nakimbia. Na katika kipindi hichohicho macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alikataa kabisa kupelekwa hospitali, alisema macho si jipu la kutumbuliwa. Mara akakanyaga sinia. Mara akajikwaa kwenye majamvi ya kakao, akaanguka chini kabisa, na mimi nikiwa hatua chache nyuma ya mgomba, nimeziba mdomo kwa mikono miwili, siruhusiwi kumwinua. Nilimpigia kelele Atupele aje. Siku nzima nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Wifi yangu, dada wa mume wangu anayekaa Dar es Salaam, akaja na kikao kikakaa. Mimi kikao hicho nilikisikilizia jikoni. "Baba anahitaji mtu wa kumshika mkono," wifi alisema, "na hapa nyumbani mtu aliyepo ndiye asiyeruhusiwa. Aje kwangu, akae moja kwa moja." Hakuna aliyebisha, maana alisema kweli. Wakapanga tuwapeleke watoto Dar likizo, kwenye ile sehemu ya mabembea makubwa na mitelezo ya maji ambayo Atupele alikuwa ameililia miaka miwili. Tutalala hoteli ya jirani siku chache, tutacheza, tutakula, kisha tutamwacha babu kwa wifi. Watoto waliambiwa habari ya mitelezo tu. Mzee akasema, "Hilo tulianike kwanza." Siku ya tatu akajibu kwamba atakwenda, kwa sharti moja. Chumba cha hoteli atakichagua yeye.

Hakika alikichagua. Alikaa kwenye gogo lake, mume wangu akampigia namba, simu ikawekwa sauti ya nje. Mimi nilikuwa namenya ndizi upande wa pili. Dada wa mapokezi alikuwa na sauti tamu ya kazini.

"Karibu sana mzee, nikusaidie nini?"

"Nataka chumba cha familia. Kiwe na milango miwili. Mmoja utokee huku, mwingine utokee kule. Nikitoka mimi, mke wa mwanangu asinione. Akitoka yeye, nisimwone."

"Samahani mzee. Kwani hampatani?"

"Tunapatana sana! Ndiyo maana."

"Basi nikupe vyumba viwili, ghorofa tofauti."

"Ghorofa tofauti ya nini? Nimekwambia tunapatana."

Nikasikia anafunuafunua makaratasi. "Mzee, nina chumba kizuri sana cha familia. Kina sebule katikati, vyumba viwili vya kulala, milango miwili kama unavyotaka, na dirisha linatazama mabembea. Halafu kuta zake ni zege tupu. Hata mtoto akilia upande mmoja, upande mwingine hamsikii kitu."

"Hicho sikitaki."

"Hukitaki?"

"Mimi nataka ambacho ukuta wake unapitisha sauti."

"Mzee wangu, vyumba vya namna hiyo ndivyo wageni wanavyovikimbia."

"Ahaa, kumbe vipo! Nipe hicho. Nami nitakuletea mchele wa Kyela, ule wenyewe, si huu mnaochanganyiwa huko."

Ndizi ikanidondoka. Nilijua ni ubahili. Nikaliambia sufuria kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wakiuza kakao vizuri bado wanataka kulala kwenye banda, na watoto wa watu wakaone aibu mjini. Upande wa pili kuku hawakuambiwa neno. Lakini alipiga simu ile tena na tena kukumbushia, mpaka yule dada akawa anamuita baba, kama sisi Wanyakyusa tunavyosema tata.

Safari yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Yeye kiti cha nyuma ya dereva, mimi kiti cha mwisho kabisa karibu na gurudumu, nikirushwa kila tuta. Basi liliposimama abiria wachimbe dawa, aliteremka wa kwanza, akasimama akiutazama mti mpaka watu wote wakamaliza na kupanda. Kondakta alimuuliza mume wangu kama mzee anasali.

Tulipofika hotelini, yule dada wa mapokezi alikuwa ametufanyia ukarimu. Kwa sababu ya mchele, na kwa sababu alimhurumia mzee wa watu, alitupandisha bure kwenye kile chumba cha zege. Niliingia kwa mlango wangu nikakiona. Jamani! Pazia zito, kitanda wanaweza kukilalia watu watano, dirisha lote mabembea. Lusajo alikuwa ameshavua viatu. Ndipo nikasikia fimbo ikigonga ukuta kule sebuleni. Ko, ko, ko. Anaujaribu. Kisha sauti yake, "Hapana. Huu umekufa."

Meneja akaitwa. Nilijificha nyuma ya pazia lile zito na kusikiliza aibu yangu yote. Meneja alieleza, mume wangu aliomba, mzee akasema aliahidiwa ukuta unaopitisha sauti na yeye mchele ameshautoa. Tukahamishwa. Tukapelekwa nyuma, jirani na chumba cha kufulia, kwenye vyumba viwili vilivyokuwa kimoja wakavigawa kwa mbao. Huku mashine ya kufulia inaunguruma, kule mbao zimepinda. Atupele alilia kwa ajili ya dirisha. Mzee akagonga mbao mara moja tu, akasema, "Ndaga," yaani asante, "hapa sawa."

Mchana ule mume wangu aliwachukua watoto kwenda kwenye maji. Nilibaki nakunja nguo, nikiwa nimefura. Mashine ya kufulia ikanyamaza. Mara nikasikia upande wa pili wa mbao kikohozi, mara mbili.

Nikaacha kukunja.

"Hapa hakuna kuku," sauti ikasema. "Basi nitaongea na begi langu. Begi, unasikia?"

Sikuwa na sufuria. Nikaliangalia beseni la kunawia. "Beseni," nikasema, "waambie tunasikia."

"Begi, wanataka nibaki hapa kwa binti yangu. Ni mtoto mwema, ana nyumba nzuri, ana msichana wa kazi wa kunishika mkono. Kila mtu ameulizwa, kila mtu amesema ni vizuri. Kuna mtu mmoja tu hakuulizwa, kwa sababu hawezi kukaa kikaoni. Nyumbani jambo lilikuwa bado bichi, na kwenye simu nisingeweza kumuuliza, wala kwenye zege. Sasa begi, ulizia kwa niaba yangu. Yule mtu anasemaje?"

Nilikaa chini sakafuni. Machozi yalinitoka yenyewe, na bado nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya lile dirisha. Nikasema, "Beseni, mwambie begi lirudi nyumbani. Mwambie jiko litakuwa kimya. Mwambie mimi sina mtu mwingine wa kubishana naye, mwanawe anakubali kila kitu. Mwambie sitaki abaki, sitaki, na kama ni sinia nitalifunga kamba kwenye mlango wake."

"Na mkono, begi? Nikianguka, mkono ni wa nani?"

Nikaliambia beseni sijui.

"Hilo tulianike kwanza," akasema, na mashine ya kufulia ikaanza tena.

Kesho yake wifi alikuja na gari kumchukua. Tulikutana wote kwenye mabwawa. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya kibanda cha soda, mahali pangu halali, nikichungulia. Mume wangu alikuwa ndani ya maji chini ya mtelezo mkubwa, tayari kumdaka Lusajo. Atupele alikuwa juu ya ngazi akipiga kelele, "Babu, njoo uone! Babu, unatuona?" Na babu yao, kofia kichwani, suruali ya kanisani, alikuwa anatembea kuifuata sauti ile, fimbo mbele, moja kwa moja kwenye vigae vilivyolowa. Wifi alikuwa bado getini analipia. Nikatoka nyuma ya kibanda bila kujua nimetoka. Nikasimama hatua moja nyuma yake na mikono yangu hewani, wala kumgusa siwezi, wala kurudi siwezi.

Alisimama. Sijui alinijuaje, labda ni harufu ya usipa, mimi hunuka usipa hata nikioga. Hakugeuka. Akasema mbele za watu wote, kwa sauti ya kutangaza mashimo, "Kuna mtu nyuma yangu. Mimi simuoni. Sioni kitu, hata akisimama mbele yangu simuoni. Namuomba huyo mtu, ambaye simuoni, anipe mkono."

Nikampa. Ulikuwa mkono mkavu, mgumu, mzito kuliko nilivyodhani, na ulinishika kwa nguvu kweli. Mimi niliangalia vigae. Tukatembea polepole mpaka ukingoni.

"Wanafanya nini sasa?" akauliza. Aliuliza hewani, hakutaja begi wala kuku.

"Lusajo amekaa juu," nikasema. "Anaogopa. Dada yake anamsukuma. Anakuja, anakuja, kaptura imebaki nyuma, mwe! Ameingia majini uchi!"

Baba mkwe wangu alicheka. Kicheko chake nilikuwa nakijua kupitia ukutani tu. Kwa karibu kilitetemesha mkono wangu mpaka begani.

Wifi akafika mbio. "Baba! Baba, mnafanya nini? Na desturi?"

"Desturi inakataza kuonana," akasema. "Nani kaona? Huyu kainama, mimi kipofu." Kisha akamgeukia binti yake. "Lile jambo lenu nimelianika. Limekauka. Narudi Busale."

Tulirudi naye. Kuanzia siku ile nilimshika mkono kwenda shambani, kanisani, mpaka Kyela mjini kwenye mzani wa kakao, mimi nikitazama chini na yeye akitazama ukungu wake. Wazee wenzake walisema maneno. Aliwaambia walete kifungu kinachokataza mkamwana kumwongoza kipofu, nao hawakukipata. Jioni bado alikwenda kwenye gogo lake kuongea na kuku, maana kipofu ni kipofu lakini mazungumzo yana heshima yake.

Halafu madaktari wa macho wakaja hospitali ya wilaya. Mume wangu akamwambia, akakataa. Wifi akapiga simu, akakataa. Walisema ni ukaidi wa uzee. Mimi nilijua, na yeye alijua kuwa najua. Macho yakirudi, mkono unaondoka. Siku kadhaa nilipika nikiwa nimenyamaza kwa sababu sikutaka kuwa mimi wa kulisema. Lakini nilikumbuka jinsi Atupele alivyouliza kule juu, unatuona? Nikaliambia sufuria, "Sufuria, mwambie mtu aende. Nimechoka kumsimulia wajukuu wake. Akawaone mwenyewe."

Kuku walisubiri sana. "Na mkono?" akawauliza.

"Tulishaishi bila mkono," nikasema, na nikaongeza kuni kwenye moto ambao haukuzihitaji.

Alikwenda. Akakaa wiki kadhaa kwa ndugu yao wa Kyela mjini, karibu na hospitali, mpaka bandeji zilipotolewa na daktari akaridhika. Siku ya kurudi nilisikia bajaji ikisimama barabarani, nikafanya kama zamani. Niliacha reki ya kakao palepale, nikaingia kwenye migomba, nikageuza uso. Nilisikia visigino vile. Nikasikia vikisimama kwenye majamvi. Nikachungulia kidogo, Mungu anisamehe, nikamwona anainama, anaokota punje moja iliyoota ukungu katikati ya maelfu ya punje, anaitupa.

Kisha akakohoa mara mbili. Sikuwa na sufuria la kugonga.

"Kuna mtu hapo?" akaita. "Maana wale madaktari wameniharibu kabisa. Sioni kitu. Ni giza tupu." Akaanza kupapasa hewani na fimbo, huku akiruka jamvi moja baada ya jingine, hakukanyaga hata pembe. Akaja mpaka kwenye migomba, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

Sikuinama. Nilichoka kuinama. Niliinua uso, na kwa mara ya kwanza nikamtazama baba mkwe wangu. Ana uso mdogo kuliko mgongo wake, mzee, wenye kovu kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia, na macho mapya, maangavu kabisa, yaliyokuwa yananitazama yakitaka kucheka na yakijizuia.

"Sioni kitu kabisa," akasema. Akainua vidole viwili, akachomoa taratibu kipande cha jani kavu la mgomba kilichonasa kwenye kilemba changu, akakitupa pembeni. "Twende. Nishike, nisije nikaanguka."

"Ndaga, tata," nikamwambia, nikamshika.